Mbegu Zilizorudi kutoka Vitani

Niliolewa na mwanamume asiyekula maharagi. Mtu wa kwetu akisoma hapo atacheka kwanza, na ana haki ya kucheka. Kwetu Masisi mtoto anaota meno juu ya maharagi, na mzee anapoteza meno yake ya mwisho hapo hapo. Nilizaliwa Bihambwe, nikaolewa upande wa Kibabi, na katika milima yote ile sikuwahi kusikia mtu anayekataa maharagi isipokuwa wafu.

Juma la kwanza la ndoa nilimpikia sahani nzuri. Nilikuwa bibi arusi, nataka kusifiwa. Akaitazama, akaisukuma polepole kwa mkono, akasema, "Nipe bugali na sombe tu," yaani ugali na majani ya muhogo.

"Maharagi yangu iko na nini?" nikamuuliza. "Iko na mchanga?"

"Hapana. Iko muzuri sana. Mimi tu njo sikule."

Nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo, na uzee haujazipunguza. Nilibeba sahani ile mpaka jikoni kwa mama mkwe wangu, nikaiweka mbele yake kama mtu anayeleta mashtaka. Yeye alikuwa anachambua mboga. Hakushangaa. "Acha, mukamwana," akaniambia, "vita ilimuharibu kinywa. Kabla ya vita alikuwa anakula mpaka namunyanganya sufuria." Kisha akanivuta nikae karibu naye, tukala sisi wawili. Njo siku ile nilianza kumpenda, na nilimpenda mpaka nilipomfunga macho.

Niseme kwanza juu ya maandishi haya. Kusoma na kuandika nilifundishwa na masista, kwa hiyo ninaandika Kiswahili chao cha daftari. Lakini watu wa nyumbani kwangu nimewaacha waseme vile walivyosema, na njo yao, yaani ndiyo, inaniponyoka hata mimi. Majina yao sitaandika. Wengi wamekufa, na wafu wa kwetu hawapendi kuitwaitwa ovyo.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Watu wa kilima chote walimjua kwa mbegu zake. Mavuno yakiisha alikaa juani na ungo, akichagua maharagi moja moja, yale mazito, yasiyo na tundu wala kunyanzi. Aliyachanganya na majivu ili wadudu wasiyaguse, akayafunga katika majani makavu ya mgomba, akakaza kwa kamba ya mgomba kwa fundo lake mwenyewe. Lilizunguka mara tatu, na mkia wake ulifichwa ndani. Mwanamke mwingine hakuweza kulifunga vile. Nilijaribu miaka mingi, na langu lilitoka kama sikio la mbuzi.

Vifurushi hivyo vilining'inia juu ya moto jikoni, vikawa vyeusi kwa moshi. Na sheria ya nyumba ilikuwa moja: mbegu hailiwi. Njaa ije, mgeni aje, mtoto alie, mbegu hailiwi. "Mwenye anakula mbegu," alikuwa anasema, "anakula mutoto wa mwaka wa kesho." Aliyejaribu kubisha alipewa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Aliisema mara nyingi mpaka wajukuu wakawa wanaimalizia kabla hajafika katikati.

Alikuwa na wana wawili waliobaki hai, kifungua mimba na kitinda mimba. Wote wengine wa katikati alikuwa amewazika. Vita vya wazungu vilipoanza, serikali ilitaka vijana, chifu akatoa majina, na majina ya nyumba ile yakatoka yote mawili. Alikwenda kwa chifu akalala chini mbele ya mlango wake, lakini haikusaidia kitu. Siku ya kuondoka alitungua vifurushi viwili kutoka juu ya moto. Akampa kila mmoja kimoja.

"Hii si chakula," akawaambia. "Hii ni mbegu. Mutarudi nayo, na siku ile mutafika, nitaipanda."

Ndivyo mama wa kwetu anavyomfunga mtoto anayekwenda mbali. Anampa kitu cha kurudisha. Mtu mwenye deni la mbegu kwa mama yake hawezi kufia njiani, njo walivyoamini.

Akarudi mmoja. Huyo wa kwanza, ambaye baadaye alikuwa mume wangu, alifika akiwa kaporali, na koti la jeshi limemlegea mabegani. Walikuwa wametembea na kupanda mashua na malori mpaka Abisinia, wakapigana na Wataliani juu ya milima mirefu kuliko yetu. Mama yake alitazama nyuma yake, akatazama tena nyuma yake, kama mtu anayesubiri wa pili azunguke kona. Alipouliza, mwana akamjibu kwamba mdogo wake alipigwa risasi. Alipouliza mbegu, akasema zilipotea wakivuka mto.

Sasa, kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usionekane, tunamzika vilevile. Tunakata shina la mgomba lenye urefu wake, tunalivika nguo yake, tunalilaza kaburini, tunalia. Bila hivyo anatembea. Na jina lake hapewi mtoto yeyote, kwa sababu bado analivaa. Wazee walitaka kufanya hivyo mwezi ule ule. Mama mkwe akakataa.

Alikataa kwa sababu risasi ile ilikuwa inahama. Siku moja mwana alisema ilimpata kifuani. Miezi miwili baadaye, wakiwa shambani, alisema mgongoni. Tena siku nyingine alisema walikuwa chini ya mti, na mama akamkumbusha kwamba mwanzoni ilikuwa kando ya mto.

"Risasi gani hii yenye inatembea?" akamuuliza. "Mwanangu, sikiliza. Nitamuzika ndugu yako siku ile nitajua namna alikufa. Siwezi kuzika uongo mu kaburi ya mutoto wangu."

Hayo niliyakuta. Nilipoingia nyumba ile, shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa na wazee kando ya mgomba, likajaa majani, na hakuna aliyelifukia wala kulitumia. Mama mkwe alilizunguka kila asubuhi akienda shambani. Nami nilikuwa na mimba. Niliota kwamba ningezaa mwana na ningempa jina la yule kijana, lakini jina lilikuwa limefungwa pale shimoni.

Tena kulikuwa na jambo la kanisa. Kila mwaka baada ya mavuno watu walileta matoleo yao katika kanisa letu dogo la udongo: maharagi, muhogo, mahindi, kuku mmoja au wawili. Na kila mwaka kateshisti wetu, mwalimu wa dini, alimwita mume wangu mbele aseme habari ya komanda wake. Ilikuwa habari tamu, watu waliipenda. Siku ile Wataliani walipoinua kitambaa cheupe, na wao walikuwa wengi kuliko wetu, na bunduki zao nyingi kuliko zetu, komanda mzungu alivua kofia, akapiga magoti kwenye matope mbele ya askari wake wote. Akasema: si bunduki zetu, si akili yangu, Mungu njo ameshinda. Na askari wote wakapiga magoti.

Mume wangu aliisimulia habari hiyo akiwa amesimama wima, mikono imenyooka kwenye suruali, macho ukutani. Watu walijibu "Amina" kwa nguvu. Nilikuwa namtazama kutoka upande wa wanawake, na kwa sababu nilikuwa mke wake niliona kitu ambacho wao hawakuona. Yeye mwenyewe hakusema Amina hata mara moja.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa, akawa msichana. Nikapumua, kwa maana jina halikuhitajika bado. Alipokuwa anaanza kutambaa, siku moja nilitafuta sindano katika sanduku la jeshi la mume wangu, lile la bati, ambalo hakunikataza kufungua wala hakunikaribisha. Chini kabisa, chini ya blanketi, kulikuwa na kifurushi cheusi cha majani ya mgomba. Fundo lilizunguka mara tatu. Mkia umefichwa ndani.

Nilikaa chini. Kisha nikakificha ndani ya kitenge, nikamfuata shambani, nikamkuta analima peke yake juu ya kilima. Nilikiweka juu ya udongo mbele ya jembe lake.

"Hii ilipotea mu mto gani?" nikamuuliza.

Aliacha jembe. Akaketi kwenye tuta, akaanza kusema, na hakunitazama mpaka alipomaliza. Walikuwa wamekaa siku nyingi juu ya mlima ule wa Abisinia, mvua haiachi, barabara imekuwa mto wa matope, na posho haifiki. Walipewa kikombe cha mchele, kisha nusu kikombe, kisha hakuna. Miguu ilivimba. Watu walikuwa wanaharisha damu, wanaanguka wakiwa wamesimama zamu. Siku moja alitoa kifurushi chake, akakata kamba kwa kisu, akachemsha zile mbegu ndani ya kopo pamoja na majivu yake, kwa sababu hakuwa na nguvu za kuyaosha. Akala. Akambakishia mdogo wake nusu.

"Akakataa," mume wangu akasema. "Nikamuambia, basi fungua yako. Akaniambia, Mama alisema isiliwe. Nikamuambia, Mama iko mbali, Mama haione njaa hii. Akaniambia, kaka, mimi nitarudi nayo. Nikamukamata kwa nguvu nimufungulie mudomo, akanitemea. Nikamukasirikia. Unasikia? Nikamukasirikia, nikala na ile nusu yake yote."

Mdogo wake alikufa asubuhi, kifurushi kikiwa kifuani ndani ya koti. Siku ya tatu Wataliani wakainua kitambaa. Katika maghala yao kulikuwa na unga, mchele, nyama ya makopo, wapi! kulikuwa na kila kitu. Komanda akapiga magoti na kumshukuru Mungu.

"Na mimi nikapiga magoti," akasema, "nikiwa na tumbo yenye maharagi ya mama yangu ndani, na mwili ya ndugu yangu nyuma yangu. Sasa nitamuambia nini? Nitamuambia kwamba mutoto mwenye alimusikia njo alikufa, na mwenye hakumusikia njo alirudi? Ataniangalia na macho gani?"

Akalia. Mwanamume mzima, kaporali, alilia juu ya tuta la muhogo, na mimi nilimshika kichwa kama ninavyomshika mtoto wangu. Nilitaka kumwambia asiogope. Sikuweza, kwa sababu hata mimi niliogopa. Niliwaza zile mbegu zilizoning'inia juu ya moto na sheria ile moja, na sikujua kama mama anaweza kusikia jambo kama hilo akabaki mzima. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilijua methali hiyo, nikanyamaza vilevile. Tulirudisha kifurushi sandukuni.

Tulikaa nacho miaka. Nilizaa mtoto wa pili, msichana tena. Mama mkwe alianza kukohoa na kuinama, na kila mvua shimo lile lilijaa maji, kila kiangazi lilipasuka. Siku moja aliniambia tukiwa tunapalilia, "Nikikufa kabla ya kumuzika, nani atamuzika? Atatembea peke yake juu ya barabara za batu ba mbali." Nilikata shina zima la muhogo kwa jembe kwa kuogopa kumtazama.

Kisha komanda akaja. Sikuzua, ilikuwa hivyo. Vita viliisha, wazungu wakaja kuchukua milima ya kupanda pareto na kufuga ng'ombe, na mmoja akachukua kilima upande wa barabara ya Ngungu. Wafanyakazi wa plantasio, shamba lake kubwa, walisema ni mzee mrefu anayechechemea, aliyekuwa mkubwa wa askari kule Abisinia. Kateshisti aliposikia hakukaa chini. Alikwenda mwenyewe kwa miguu kumwalika siku ya matoleo. Fikiria furaha yake! Miaka yote alikuwa na shahidi tu, sasa angekuwa na komanda mwenyewe.

Mume wangu alipoambiwa aliweka jembe chini, akasema hataenda. Mama yake akamwambia, "Utaenda. Na mimi nitaenda. Kwani si huyo njo alikuwa mukubwa wenu? Yeye atajua risasi ilipiga wapi."

Juma lile mume wangu hakulala wala hakula. Nilimwambia, "Sema wewe kabla ya yule kusema." Akajibu kesho. Kesho yake akajibu kesho.

Baada ya ibada watu wakatoka wakaketi kwenye majani mbele ya kanisa, matoleo yakiwa kwenye mikeka katikati. Komanda alisimama na fimbo yake. Alikuwa na masikio mekundu na suruali yenye kiraka gotini. Nakumbuka kiraka kwa sababu nilishangaa mzungu kuwa nacho. Alisema Kiswahili cha plantasio, kifupi kifupi, lakini alieleweka. Alisema habari ile ile. Kitambaa cheupe, kofia, magoti, Mungu njo alishinda. Mume wangu alikuwa amesimama wima nyuma ya watu, mikono imenyooka.

Mama mkwe akainuka. Mwanamke mzee kuinuka mbele ya wanaume na mzungu, watu wakaguna. Kateshisti akamfanyia ishara akae. Hakumtazama hata kidogo.

"Papa Komanda," akasema, "pole na safari. Mimi ni mama ya basoda bako babili, benye ulipeleka ku vita. Mumoja njo ule. Mwingine alibakia kule kwenye mulima yako. Niambie tu: risasi ilimupiga kifua ao mugongo?"

Komanda aliuliza ilikuwa siku zipi. Mama mkwe akasema alivyoambiwa, siku chache kabla ya kitambaa. Mzungu akavua kofia. Sijui kama alikuwa amepanga kuivua.

"Mama," akasema, "siku zile, mule mulima, hapana risasi. Siku kumi hapana risasi. Basoda yangu walikufa na njaa. Mimi nilipeleka wao kule, na chakula hapana kufika."

Kateshisti, maskini, akajaribu kusaidia. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini Mungu alileta ushindi, Papa Komanda."

"Ndiyo," yule mzee akajibu. "Kama mimi nasema mimi nilishinda, basi ni mimi pia niliua watoto ya hawa mama. Nilikuwa naogopa. Njo nilipatia Mungu yote mawili." Akaketi kwenye kiti chake, na kofia ilibaki mapajani.

Mimi nilimtafuta mume wangu kwa macho, nikaona mahali pake patupu. Nilidhani amekimbia. Kumbe alikimbilia nyumbani. Alirudi akihema, amelowa jasho, amebeba kifurushi cheusi kwa mikono miwili kama mtu anayebeba kiota chenye mayai. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, hii ni ya kwake. Hakukula. Ulisema isiliwe, hakukula, akakufa nayo. Ya kwangu nilikula. Nilikula yote. Unisamehe ao unifukuze."

Mama mkwe alipokea kifurushi. Alipapasa fundo lake kwa kidole gumba, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatafuta mkia mpaka akaupata ndani. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kutazamwa kwa muda mrefu kama alivyotazamwa mume wangu siku ile. Kisha mama akageuka, akashika njia ya nyumbani peke yake, na nilipomfuata akanionyesha kiganja nisimfuate.

Alifunga mlango wake siku mbili. Niliweka chakula mlangoni, nikakiondoa kikiwa kimepoa. Mume wangu alikaa chini ya ukuta wa nyumba ya mama yake siku zote mbili, mvua ikinyesha, hakutoka. Nilimwambia ingia ndani utaugua. Alinijibu, "Kama atafungua, anikute." Nilimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja, nikamfunika kwa blanketi la jeshi.

Asubuhi ya tatu mlango ulifunguliwa. Mama mkwe alitoka amevaa kitambaa chake cha kanisa. Alimpita mwanawe bila neno, akasimama kando ya shimo, akaita kilima chote kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Muje! Leo namuzika mutoto wangu!"

Wanaume walikata shina la mgomba. Yeye mwenyewe alipima urefu kwa mikono yake, akasema, "Hapana, alikuwa murefu kidogo," wakakata lingine. Likavikwa shati la kijana. Akafungua kifurushi. Hakukata kamba, alifungua fundo polepole mpaka likaachia. Maharagi yalikuwa yamekauka, yamekuwa meusi kwa majivu ya miaka yote ile. Akachukua kiganja kimoja akakiweka juu ya shati, mahali pa kifua. Tukafukia. Tukalia mpaka sauti zikakauka, na hatimaye kijana yule akaacha kutembea.

Yaliyobaki aliyachukua jikoni. Nilidhani atayarudisha juu ya moto. Aliyamimina ndani ya sufuria.

"Mama," nikasema, "ile ni mbegu."

"Najua ni nini. Leta maji."

Maharagi ya miaka mingi hayaivi kwa haraka. Tuliyachochea toka asubuhi ile mpaka jua likaegemea, nikaongeza maji mara sijui ngapi. Watu wa mazishi walikaa uani wakinusa na kunong'onezana, kwa sababu kila mtu aliijua sheria ya nyumba ile. Alitia chumvi. Akatia mawese mazuri ya Walikale, yale wachuuzi wanayopandisha kichwani kutoka msituni, aliyokuwa ameyaficha kwa ajili ya Noeli. Akabeba sahani uani, akamwita mwanawe, akamketisha mbele yake juu ya mkeka kama mtoto wa miaka mitatu.

Mume wangu alitikisa kichwa. "Mama, siwezi."

"Fungua kinywa."

"Mama..."

"Miaka yote hii nilisema, asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Nilisema uongo. Wewe hukunisikia, na miguu yako njo ilikurudisha kwangu." Akasogeza sahani karibu. "Mudogo wako alinisikia, na ile ni kosa yangu, si yako. Nitaibeba mimi mpaka nitamukuta. Komanda anasema Mungu alipigana vita yake. Sijui. Mimi sikuwa kule. Lakini Mungu wangu mimi alikuziba masikio siku ile, njo leo niko na mutoto. Asante kwa kutonisikia, mwanangu. Fungua kinywa."

Akafungua. Alimlisha kwa vidole vyake, tonge moja, la pili, la tatu, machozi yakimshuka yeye na mwanawe, na uani hapakuwa na mtu aliyekuwa na macho makavu, hata wale walionuna kwamba mbegu inaliwa. Sahani ilipokwisha, mume wangu alijifuta mdomo kwa mkono.

"Iko ingine?" akauliza.

Mama yake akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akanigeukia, akanipiga gotini. "Umesikia, mukamwana? Kamuletee. Njo vile alikuwa kabla ya vita."

Mwaka uliofuata nilizaa mwana, akapewa jina la baba yake mdogo. Mama mkwe alimbeba mgongoni misimu miwili ya kupanda, kisha akaenda zake kumkuta mwanawe. Kateshisti aliendelea kumwita mume wangu mbele ya watu siku ya matoleo, lakini sasa habari ilikuwa na sehemu zake zote, pamoja na kopo na ile nusu ya maharagi, na mwishoni mume wangu alisema Amina mwenyewe.

Fundo la mama mkwe sijaliweza mpaka leo. Lakini kila msimu, kabla hatujapanda, ninafungua kifurushi kimoja cha mbegu, kilicho bora kuliko vyote, ninakipika, na ninalisha kila mtu wa nyumba yangu kwa mkono wangu, mkubwa kwa mdogo. Majirani wanasema ni uharibifu. Ninawaambia wakae, wafungue vinywa.